Wanawake Waliovaa Masharubu ya Charlie

Yapo mavazi machache duniani ambayo mtu akiyaona yametundikwa ukutani, mwenyewe hayumo, atamtaja mwenyewe bila ya kusita. Na katika hayo machache mavazi ya Charlie Chaplin yana nafasi ya mbele: chepeo nyeusi ya duara iliyo ndogo kwa kichwa, koti linalobana kifua, suruali pana inayoburura chini, viatu vikubwa vinavyoelekea kimoja mashariki na kingine magharibi, bakora nyembamba inayopindika, na masharubu mafupi yaliyokatwa mraba chini ya pua. Mwenye mavazi hayo alizaliwa Uingereza mwezi wa Aprili mwaka 1889, akaonekana ndani yake katika filamu kwa mara ya kwanza huko California mwezi wa Februari mwaka 1914, na akafariki Uswisi siku ya Krismasi ya mwaka 1977. Lakini mavazi yenyewe hayakuzikwa pamoja naye, kwa sababu hayakuwa yametimiza hata miaka miwili watu wengine walipoanza kuyaazima, wa karibu na wa mbali, kwa ruhusa na bila ya ruhusa; na miongoni mwa walioyaazima wamo wanawake, ambao habari yao ndiyo niliyokusudia kuisimulia hapa.

Mwanamke kuvaa mavazi ya kiume mbele ya hadhira ni jambo ambalo wengi hulichukua kuwa mzaha wa dakika mbili, na wengine huliona kuwa ni upungufu wa haya. Rai yangu ni nyingine. Kila nikiwatazama wanawake waliomwiga Charlie kwa ustadi, naona kwamba hawakunyang'anya kitu cha wanaume hata kidogo. Waliichukua sanaa ambayo Charlie mwenyewe alifunzwa na mwanamke, na mavazi yale yakawapa ruhusa ambayo ulimwengu wa sinema uliwanyima kwa miaka mingi, nayo ni ruhusa ya kuchekesha kwa mwili mzima bila ya kuulizwa kwanza kama wao ni wazuri wa sura.

Ili jambo hili lieleweke, hapana budi kumtazama Charlie mwenyewe kwa makini. Sinema za zama zake hazikuwa na sauti: waigizaji walisema kwa viungo na kwa wajihi, maneno machache yaliyohitajiwa yakaandikwa na kuonyeshwa kati ya picha na picha, na mpiga piano au bendi ikaujaza ukimya wa ukumbi. Wachekeshaji wengi wa wakati ule walitegemea unene wa mwili, macho ya makengeza, ndevu za bandia, mateke na kukimbizana. Charlie naye hakuyaacha mateke, lakini juu ya mateke aliweka adabu. Mtu anayemwigiza ni fukara mzururaji asiye na pa kulala, walakini mwenendo wake ni mwenendo wa muungwana aliyelelewa katika neema. Katika filamu ya The Kid ya mwaka 1921 huvua glavu zake zilizochakaa kidole kimoja kimoja, kwa utulivu wa tajiri, kisha hufungua kopo la dagaa alilolifanya kisanduku cha sigara, akachagua kwa madaha kipande kilichotupwa na watu. Katika The Gold Rush ya mwaka 1925, njaa ikiwa imemfikisha ukingoni mwa mauti, huchemsha kiatu chake na kukila kwa taadhima ya karamu, misumari akiifyonza mithili ya mifupa ya kuku. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alipoyachagua mavazi yake alitaka kila kitu kipingane na mwenzake: suruali pana na koti finyu, kofia ndogo na viatu vikubwa.

Watu wa pwani yetu hawana haja ya kuelezwa sana maana ya bakora katika mkono wa mtu. Tunajua tangu utotoni kwamba bakora, kanzu iliyopigwa pasi na kofia iliyofumwa vizuri ni dalili za heshima kabla mwenyewe hajafungua kinywa, na tunajua pia kwamba mtu anaweza kuwa na vyote hivyo na asiwe na chakula nyumbani. Kwa hiyo Charlie ni mtu aliyekwisha kujigeuza kabla hajaigizwa na mwingine yeyote: ni fukara aliyejivika uungwana. Mwanamke anapojivika Charlie, basi, haongezi uwongo juu ya ukweli. Anaongeza vazi juu ya vazi, na hadhira inayaona yote mawili kwa pamoja, ikafurahi kwa jinsi yanavyokaa.

Nimesema kwamba sanaa hii alifunzwa na mwanamke. Mwanamke huyo ni mama yake, Hannah Chaplin, aliyekuwa mwimbaji katika kumbi za burudani za Uingereza kwa jina la jukwaani la Lily Harley. Mwaka 1894, katika mji wa askari wa Aldershot, sauti yake ilimkatikia mbele ya watazamaji wasio na huruma, na mwanawe mwenye umri wa miaka 5 akapandishwa jukwaani kuziba pengo. Mtoto akaimba, akatupiwa fedha, na mama hakuirudia tena kazi yake kama alivyoijua kwanza. Baada ya hapo ulikuja ufukara mkubwa, nyumba ya maskini, na maradhi ya akili yaliyomwandama mama huyo kwa miaka mingi. Lakini katika chumba chao cha London, siku alizokuwa na nafuu, Hannah alikaa dirishani akiwatazama wapita njia, kisha akawaigiza kwa mikono, macho na mabega: huyu ametoka kugombana na mkewe, yule hajapata kifungua kinywa, kwa kuwa angalia viatu vyake havikufungwa. Mwanawe alipokuwa mtu mashuhuri duniani alikiri waziwazi kwamba hapo dirishani ndipo alipojifunza si kuonyesha hisia kwa mikono na uso tu, bali hata namna ya kuwachunguza wanadamu. Sinema bubu ilipata bingwa wake mkuu kwa sababu mwanamke mmoja, aliyekatikiwa na sauti, alikuwa na kipaji cha kusema pasipo sauti.

Tena jukwaa la Uingereza alilokulia Charlie lilikuwa limezoea kubadilishana mavazi kati ya wanaume na wanawake. Katika michezo ya Krismasi ya nchi ile, bibi kizee mchekeshaji huigizwa na mwanamume, na kijana shujaa kwa desturi aliigizwa na mwanamke. Vesta Tilley, aliyezaliwa mwaka 1864, aliwaigiza wanaume kwa muda mrefu sana, askari, mabwana wa mjini na vijana wanaojipamba, hata wanaume wenyewe wakawa wanatazama mtindo wa mavazi yake ili wauige. Alistaafu mwaka 1920 akiwa na heshima kubwa. Naye Charlie hakuona taabu kuvuka upande wa pili: mwaka 1915 alitoa filamu iliyoitwa A Woman, ambamo alinyoa masharubu, akavaa nguo za bibi wa kiungwana, akawalaghai wanaume wawili kwa haiba yake. Nani basi angeshangaa wanawake nao walipoyachukua masharubu aliyoyanyoa?

Mwaka huo huo wa 1915 homa ya Charlie ilikuwa imeenea Marekani na Uingereza kiasi cha kutisha. Palikuwa na vikaragosi vya Charlie, nyimbo za Charlie, mashindano ya kumwiga Charlie katika majumba ya sinema, na waigizaji wanaume waliojipatia riziki kwa kujifanya yeye, baadhi yao wakitumaini kabisa kwamba mtazamaji asiye makini atadhani amemwona mwenyewe. Mmoja wao, Charles Amador, alijiita Charlie Aplin, na Chaplin akamshitaki. Mahakama ya California ikaamua mwaka 1925 kwamba mtu hana haki ya kuwadanganya watu kwa namna hiyo. Lakini katikati ya fujo hiyo alitokea mwanamke aliyeitwa Minerva Courtney, akatoa filamu fupi iliyotangaza katika anwani yake kwamba hii ni filamu ya Binti Minerva Courtney akimwiga Charlie Chaplin. Ndani yake huonekana kwanza katika sura yake ya kike, kisha hujigeuza mbele yetu akawa yule fukara. Naipenda sana tofauti hii. Mwanamume mwigaji alihitaji kujificha nyuma ya mavazi, na faida yake ilitokana na kosa la mtazamaji. Mwanamke hakuweza kumdanganya mtu, wala hakutaka, na kwa hiyo yote aliyoyapata aliyapata kwa ustadi peke yake. Uigaji wake ulikuwa halali kwa sababu ulikuwa wazi.

Nije sasa kwa mwanamke ambaye habari yake na Charlie ilidumu miaka 35, tena imejaa mambo ambayo mtunzi wa hadithi angeogopa kuyabuni. Gloria Swanson alizaliwa Chicago mwaka 1899, na akiwa bado msichana aliajiriwa katika studio ya Essanay ya mji huo. Mwanzoni mwa mwaka 1915 Charlie, aliyekuwa ametoka California kwa mshahara mkubwa, alikuja Chicago kutengeneza filamu yake ya kwanza kwa Essanay, iliyoitwa His New Job. Akitafuta msichana wa kucheza naye, alimjaribu Gloria katika mazoezi ya vichekesho vya kusukumana na kupigana mateke. Lakini binti huyo, kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, hakuona la kuchekesha katika kupigwa teke, akayafanya yote kwa ubaridi wa makusudi mpaka Charlie akakata tamaa naye. Akapewa kazi ya karani mpiga taipu, anayeonekana kwa muda mfupi tu katika filamu hiyo. Alitaka kuwa mwigizaji wa mambo mazito, mwenye hadhi na mavazi mazuri, na wala simlaumu: katika vichekesho vya siku zile sehemu ya msichana aghalabu ilikuwa kusimama, kutazamwa, kufukuzwa na kuokolewa.

Katika studio hiyo hiyo, wakati huo huo, mwanamume mnene mwenye sauti nzito aitwaye Wallace Beery alikuwa akipata umaarufu kwa kuigiza mtumishi wa kike wa Kiswidi, Sweedie, akiwa na gauni na nywele za bandia. Na Gloria, ambaye alionekana naye katika filamu mojawapo ya hizo, aliolewa naye mwaka 1916. Ndoa hiyo haikudumu. Bali mtu akitazama mambo haya kwa pamoja huona kwamba msichana huyu, kabla hajafikia miaka 18, alikwisha kujionea kwa karibu kwamba mwanamume angeweza kuvaa gauni akawa tajiri, ilhali msichana aliyetaka heshima alipaswa kuuepuka mzaha.

Alipata aliyoyataka. Chini ya mwongozaji Cecil B. DeMille akawa malkia wa sinema wa miaka ya 1920, mwenye mavazi ya thamani ambayo wanawake wengine walikwenda sinema ili wayatazame. Na ni katika kilele hicho, mwaka 1924, ndipo alipomrudia Charlie kwa hiari yake. Katika filamu ya Manhandled, iliyoongozwa na Allan Dwan, aliigiza binti wa dukani, mwenye kutafuna ubani na kusongamana na wanaume katika treni za chini ya ardhi za New York. Na binti huyo, akiwa katika majilisi ya watu wakubwa, huwaburudisha kwa kuwaiga watu maarufu, mmoja wao akiwa Charlie. Yule aliyekataa kupigwa teke na Charlie akavaa sasa masharubu yake. Hakuwa tena msichana anayesimama kando ya mchekeshaji; amekuwa mchekeshaji mwenyewe, na hapo hakuona fedheha yoyote.

Kisha sauti ikaingia katika sinema, na Charlie akaonekana mara ya mwisho katika mavazi yake kamili mwaka 1936, katika Modern Times. Nyota nyingi za sinema bubu zilizimika, na ya Gloria ilififia pamoja nazo, mpaka mwongozaji Billy Wilder alipomwita kwa ajili ya Sunset Boulevard, iliyotoka mwaka 1950. Humo aliigiza Norma Desmond, nyota wa zamani wa sinema bubu, anayeishi katika kasri iliyochakaa pamoja na mtumishi mzee na kijana mwandishi aliyenaswa katika mitego yake. Siku moja, akiona kijana amekunjamana kwa uchovu na kuchoshwa na maisha yale, Norma huamua kumfurahisha: kwanza huwaiga wale wasichana wa vichekesho vya ufukweni vya mtengenezaji filamu Mack Sennett, na mara huondoka, akarudi amevaa chepeo, koti na masharubu, bakora ikizunguka mkononi. Mwanamke wa makamo, ambaye katika filamu nzima huwa amejikaza kwa fahari na kucha ndefu, huwa ghafula mwepesi wa viungo, mwenye miguu ya kuchekesha na macho ya mtoto mtundu. Gloria alikuwa mfupi wa kimo, na Charlie naye hakuwa mrefu, kwa hiyo mavazi yalimkaa kama yaliyoshonewa yeye. Lakini si kimo kinachotushika, ni kule kuona kwamba ndani ya mwanamke huyu mwenye maradhi ya fahari palikuwa na mchekeshaji hodari aliyefungiwa.

Wilder hakumwachia furaha hiyo kwa muda mrefu. Katikati ya mchezo mtumishi huingia kusema kwamba studio ya Paramount inapiga simu, na Norma, akiamini kwamba anaitwa kuirudia kazi yake, hukasirika kwa kuwa aliyepiga simu si DeMille mwenyewe bali msaidizi. Akatoa amri zake za kifalme, masharubu ya Charlie yangali juu ya mdomo wake. Baadaye tutajua kwamba studio haikumtaka yeye. Ilitaka kukodi gari lake la kale. Sijui mandhari nyingine ya sinema inayouonyesha utu uliojeruhiwa waziwazi hivyo, na siri yake yote i katika mavazi. Charlie ni fukara anayejifanya muungwana, nasi tunamcheka kwa mapenzi kwa sababu moyoni ni muungwana kweli. Norma ni tajiri anayejifanya bado ni malkia, na kwa dakika hizo chache alizovaa mavazi ya fukara ndipo anapokuwa malkia wa kweli. Katika filamu hiyo hiyo Buster Keaton, bingwa mwingine wa sinema bubu, anaonekana mezani akicheza karata, uso wake umetulia kama ulivyotulia siku zote. Mchekeshaji mwanamume ameketi, na mwanamke ndiye anayecheza. Gloria aliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, akaikosa. Na mimi nasema kwa moyo wote kwamba dakika zile za bakora na masharubu zingetosha peke yake kumpa.

Watu wasiojaribu kazi hii hudhani kwamba kumwiga Charlie ni kupanua nyayo na kuzungusha fimbo. Mwigaji dhaifu huonekana hapo hapo, kwa kuwa huchezesha kila kiungo kwa wakati mmoja. Mtazameni Charlie tena: juu ya kiuno ametulia, shingo imenyooka, mabega yana adabu; fujo yote i chini ya kiuno, katika magoti na nyayo. Muungwana yuko juu, fukara yuko chini, na vichekesho hutokea pale wawili hao wanaposhindwa kupatana, kama vile anapokata kona kwa kasi, akaruka kwa mguu mmoja huku mwingine ukielea hewani, na mkono ukashika chepeo isianguke. Juu ya hayo kuna jambo la wakati: Charlie hachelewi wala haharakishi, jambo humfikia, hutulia kitambo kidogo mpaka limwingie, kisha ndipo mwili unapojibu. Mwanamke anayemwiga ana shida zake za ziada, nywele za kufichwa chini ya chepeo ndogo, kifua cha kubanwa ndani ya koti, nyonga za kufundishwa mwendo mpya. Lakini ana neema moja kubwa. Vesta Tilley alilazimika kuimba, na katika kuimba mwanamke aliyejigeuza mwanamume husalitiwa na sauti yake. Charlie hasemi, na sauti haimsaliti asiyeitumia. Ndiyo maana katika wanaume wote mashuhuri wa sinema, naona mchekeshaji bubu ndiye mlango uliokuwa wazi zaidi kwa wanawake.

Jambo hilo la sauti linanipeleka kwa mwanamke mwingine, ambaye wasomaji wengi wa pwani hii wanamfahamu kuliko Gloria Swanson. Charlie alitufikia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni filamu zake mwenyewe, zilizoonyeshwa katika majumba ya sinema ya miji yetu na katika magari ya sinema yaliyozunguka vijijini wakati wa utawala wa Waingereza. Njia ya pili ilipitia Bombay: mwigizaji Raj Kapoor, katika filamu za Awaara ya mwaka 1951 na Shree 420 ya mwaka 1955, alimchukua yule mzururaji, akampa suruali fupi, kofia na nyimbo za Kihindi, na Unguja, Mombasa na Dar es Salaam zikampokea kwa shauku. Wanawake wa Unguja, waliokuwa na maonyesho yao maalumu yasiyoingia wanaume, walizijua filamu za Kihindi kwa moyo, pamoja na nyimbo zake na machozi yake. Kwa hiyo filamu ya Mr. India ilipotoka mwaka 1987, na mwigizaji Sridevi akatokea ndani yake amevaa chepeo na masharubu, watazamaji wetu hawakuhitaji kuambiwa ni nani anayeigwa.

Sridevi alizaliwa Tamil Nadu, kusini mwa India, mwaka 1963, akaanza kuigiza akiwa na umri wa miaka 4. Katika Mr. India, iliyoongozwa na Shekhar Kapur, yeye ni Seema, mwandishi wa habari mwenye ulimi mkali, na Anil Kapoor ni kijana mlezi wa mayatima aliyepata chombo cha marehemu baba yake kinachomfanya asionekane. Seema hujigeuza Charlie akaingia katika nyumba ya kamari, miongoni mwa watu wabaya, na yule asiyeonekana akawa msaada wake. Lizingatieni hilo: sanaa ya kuigiza bila ya maneno haina mtihani mkubwa kuliko kumfanya mtazamaji amwone mtu ambaye hayupo. Sridevi hukabiliana na hewa tupu, na kwa macho yake, kwa shingo yake, kwa mshangao wake unaochelewa kidogo kama unavyopasa, tunamjua yule mwenziwe alipo. Na ni mwanamke huyo huyo ambaye katika filamu hiyo hiyo alicheza Hawa Hawai kwa mavazi ya kumeremeta, ngoma iliyompa jina la utani katika ulimwengu mzima wa Kihindi. Uzuri wake ulijulikana na kila mtu. Ndani ya koti la Charlie aliuweka kando, akabakiwa na kipaji, na kipaji kikamtosha.

Kwa miaka mingi ya mwanzo wake katika sinema za Kihindi, Sridevi, ambaye lugha hiyo haikuwa yake, hakusikika kwa sauti yake mwenyewe. Waliwekwa wanawake wengine kusema maneno yake, na filamu ya Chandni, ya mwaka 1989, ndiyo iliyotambulika kuwa ya kwanza ambamo alisema mwenyewe kwa Kihindi. Watu walimsifu kwa uso wake na ngoma zake, wasijue kwamba walikuwa wakimtazama mtu aliye katika hali ya waigizaji wa sinema bubu, ambaye yote aliyotaka kuyasema ilimpasa ayaseme kwa mwili kwanza. Naamini hiyo ndiyo sababu Charlie wake si wa kuazima. Alimfikia kwa njia ile ile aliyoipita Hannah Chaplin dirishani, njia ya mtu aliyekosa sauti akalazimika kuwa na mikono yenye ufasaha.

Siwezi kumpita Lucille Ball, ingawa habari yake inataka makala ya peke yake. Katika miaka ya 1940, alipokuwa katika studio ya MGM, Buster Keaton alikitambua kipaji chake, akamfundisha namna ya kukitumia chombo chochote cha kawaida, kiti, kofia au kikombe, kana kwamba ni mwigizaji mwenzake. Na hayo aliyojifunza yalimfanya baadaye kuwa mchekeshaji mkubwa wa televisheni ya Marekani. Mwaka 1955 alijivika sura ya Harpo Marx, yule mchekeshaji asiyesema, na wawili hao wakasimama uso kwa uso kama mtu na kioo chake, kila mmoja akiufuata mkono wa mwenzake. Na katika miaka ya 1960 akavaa pia mavazi ya Charlie. Yeye hakukawia kupewa haki yake kama wengine, kwa sababu kipindi cha televisheni kilikuwa chake, na kampuni iliyokitengeneza alikuwa na mamlaka ndani yake.

Kinachonisikitisha ni ufinyu wa nafasi waliyopewa wengine. Charlie wa Gloria Swanson alikatizwa na simu, na katika Manhandled alikuwa burudani ya majilisini. Charlie wa Sridevi alibanwa baina ya nyimbo na mapigano ya filamu ndefu, na Sridevi alipofariki Dubai mwezi wa Februari mwaka 2018, baada ya nusu karne ya kuigiza, hakuwa amepewa na mwongozaji yeyote filamu nzima ya kuchekesha bila ya kusema, ingawa hapana aliyeistahili kuliko yeye. Minerva Courtney, ambaye leo ni wachache wanaomkumbuka, ndiye aliyeipata mwaka 1915: filamu fupi, ya bei ndogo, lakini ni yake tangu mwanzo hata mwisho, na katika anwani yake jina lake lilitangulia, la Charlie likafuata.